Isome pistoni kuukuu ya pawasoo kabla hujaitupa

Pawasoo, yaani msumeno wa injini, ikizeeka na kupoteza nguvu, wengi hukimbilia pistoni mpya na ringi mpya, ile pete ya chuma inayoizunguka pistoni. Mashine huwaka vizuri, hupasua gogo la mwembe siku mbili tatu, kisha hukwama tena. Pistoni ya kwanza ilikufa kwa sababu, na sababu hiyo bado imo ndani.

Fungua egzosi na silinda, uitazame pistoni juani. Mikwaruzo ya upande wa egzosi, inayong'aa kama risasi iliyoyeyuka, ni ya joto: oili ilipungua kwenye petroli, au hewa ya ziada inapenya kwenye sili (mipira ya kuziba) za kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, au kwenye mpira wa kabureta. Upande wa kabureta ukiwa wa kijivu, umefifia kama uliopigwa msasa, huo ni mchanga uliopita kwenye chujio la hewa. Huku Lamu naliona hili la pili sana, kwa kuwa minazi iliyoangushwa huburutwa mchangani na gome hubeba mchanga mpaka kwenye cheni.

Hewa ya ziada huipati kwa macho. Ziba tundu la egzosi na la kabureta kwa vipande vya mpira, pampu hewa hadi nusu bar, upake maji ya sabuni kwenye sili. Povu likichemka, badilisha sili kwanza.

Silinda iliyopakwa kromu ndani, yenye madoa ya alumini ya pistoni, si ya kutupwa. Chovya pamba kwenye asidi ya hidrokloriki, upake doa peke yake. Itachemka na kula alumini. Vaa glovu, kaa penye upepo, na usiiguse midomo ya matundu, kwani hapo chini ya kromu ni alumini pia. Osha kwa maji mengi, kausha, paka oili papo hapo. Hewa ya chumvi haisubiri. Ukucha ukinasa mahali kromu imebanduka, silinda hiyo imekwisha.

Sasa ringi. Usiivishe kabla ya kuipima. Iingize kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, upime mwanya wa ncha zake. Mimi huzidisha kipenyo kwa 0.004: pawasoo ya Stihl 070, yenye silinda ya milimita 58, inataka takriban milimita 0.23. Mwanya ukibana, ncha zitagongana ringi ikipata moto na kuchimba silinda. Piga tupa taratibu, ncha moja tu.

Ziba mdomo wa kranki kwa kitambaa kabla ya kugusa klipu zinazoshika pini ya pistoni, maana klipu ikirukia humo utafungua mashine yote. Klipu ziwe mpya, uwazi wake ukiangalia juu au chini. Ukiangalia ubavuni, mwendo wa pistoni huweza kuzifungua. Mshale wa pistoni uelekee egzosi. Ncha za ringi zikumbatie kijipini kilicho ndani ya mfereji, na silinda ishuke kwa mkono tu, bila nyundo. Ikikataa, kuna ncha imepanda juu ya kijipini, na pigo moja litaivunja.

Kwa mashine hizi kuukuu nachanganya 1:25, yaani mililita 40 za oili kwa lita ya petroli. Matangi mawili ya mwanzo, kabureta iwe na mafuta mengi kidogo, na usiivumishe kwa nguvu zote ikiwa cheni haimo kwenye mti.