Ukaguzi wa kushtukiza katika makazi ya wazee: tunaangalia nini, na ndugu walalamike vipi

Na Mratibu wa Ukaguzi wa Ubora wa Huduma, Moshi

Desemba Moshi hujaa. Mabasi ya Dar es Salaam yanashusha watu usiku na mchana, kila ukoo unarudi nyumbani, na katikati ya kuchinja na ubatizo watu hupata nafasi ya kwenda kumsalimia mzee wao aliyeko kituoni. Ndiyo maana Januari meza yetu hujaa malalamiko. Mzee amekonda. Mzee hana sweta tulilomletea mwaka jana. Tumemkuta mzee amelala saa nane mchana, hajui hata nani kaja. Safari hii yameongezeka na malalamiko kutoka upande wa pili, kwa wasimamizi wa vituo wenyewe: kwamba wakaguzi wetu siku hizi wanaingia bila taarifa, tena usiku, kana kwamba wanafuata wahalifu.

Makala hii inajibu pande zote mbili. Kwanza tahadhari ya lazima. Makazi ya Serikali, kama ya Njoro hapa Moshi, yako chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum na yana utaratibu wake. Simo katika kuyasemea. Ninachoeleza ni ukaguzi tunaofanya sisi katika vituo vya mashirika ya dini na vya watu binafsi vilivyokubali kukaguliwa. Mifano nimeichanganya makusudi, kwa hiyo asikae mtu kutafuta kituo fulani humu.

Kuhusu kushtukiza. Nchini Australia kulikuwa na kituo cha Oakden, mjini Adelaide, cha wazee wenye ugonjwa wa kusahau na matatizo ya akili. Kilikuwa cha serikali ya jimbo na kilipita ukaguzi mara kadhaa, makaratasi yako sawa. Kilichokifikisha mwisho ni familia ya mzee mmoja iliyoona michubuko isiyo na maelezo na kukataa kunyamaza. Uchunguzi ukafanyika, kituo kikafungwa mwaka 2017, na kuanzia Julai 2018 wakaguzi wa nchi hiyo wakaacha kutoa taarifa kabla ya ukaguzi wa kuhuisha ithibati, yaani kibali cha ubora. Tume ya Kifalme, yaani tume ya kitaifa ya uchunguzi, iliyofuata ilimaliza kazi mwaka 2021 ikiwa na mapendekezo 148. Marekani waliliona hilo mapema zaidi. Sheria yao ya mwaka 1987 inataka kila kituo kikaguliwe kwa kushtukiza, bila kupita miezi 15 tangu ukaguzi uliotangulia, na kwa mtu anayevujisha tarehe kwa kituo iliweka faini ya hadi dola 2,000, kiwango ambacho baadaye kimekuwa kikipandishwa. Sisi hatuna faini ya namna hiyo, ingawa zipo siku ninatamani tungekuwa nayo, maana kuna vituo ambavyo gari letu likikata kona tu, shuka mpya zinatoka stoo.

Wasimamizi wanaosema tunawadhalilisha nawaelewa, ila naomba nao watuelewe. Mzee anaishi pale saa 24. Ukaguzi wa saa nne asubuhi, chai imeandaliwa na wageni wamekaribishwa sebuleni, unakagua saa mbili au tatu za maisha yake, tena zile nzuri. Muda mgumu kituoni ni usiku, wakati mhudumu mmoja ana vyumba vinane na taa ya korido imeungua.

Usiku tunaomba kitu kimoja kwanza: daftari la kugeuza wagonjwa. Mzee asiyeweza kujigeuza mwenyewe kitandani hugeuzwa kwa ratiba. Wengi wamezoea kila baada ya saa mbili, ingawa aina ya godoro na hali ya mzee vinaweza kuibadili ratiba hiyo. Mhudumu anaandika saa na anasaini. Sasa fikiria umefika saa kumi alfajiri, umepewa daftari, na limeshajazwa hadi saa kumi na mbili asubuhi: kalamu moja, mwandiko mmoja, mzee kageuzwa kushoto saa kumi na mbili ambayo bado haijafika. Hapo sihitaji kumuuliza mtu swali. Naomba maji ya kunawa na glavu, naenda kumwangalia mzee mgongo.

Kuna jambo ambalo hata wauguzi wazuri hulikosa. Vitabu vingi vinasema dalili ya kwanza ya kidonda cha kulalia ni wekundu usiopotea unapobonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona sehemu imekoza rangi kuliko ngozi ya pembeni, pengine inaelekea zambarau, na ukigusa kwa nyuma ya mkono utahisi joto au ugumu usiokuwepo jirani. Angalia juu kidogo ya makalio, kwenye nyonga na visiginoni. Ndugu wanaokuja Desemba huangalia uso na nguo. Kisigino hakuna anayekigusa, na kidonda kilichoanza kisiginoni leo kinaweza kuonyesha mfupa baada ya muda mfupi.

Chakula nacho watu wanakielewa vibaya. Wafadhili na ndugu huuliza, "Wanakula nini?" Swali zuri, lakini mimi huanza na wanakula saa ngapi. Kituo kimoja tulikuta chakula cha jioni kinaliwa saa kumi na moja kwa sababu mpishi anawahi daladala. Chai inatoka saa mbili na nusu asubuhi. Hesabu mwenyewe: ni saa 15 na nusu tumbo tupu. Kanuni za Marekani haziruhusu kuzidi saa 14 kati ya mlo wa jioni na kifungua kinywa, isipokuwa mzee akipewa kitu chenye lishe kabla ya kulala. Kwa mzee mwenye kisukari anayetumia glibenklamidi, pengo hilo ni hatari ya kweli, maana dawa inaendelea kushusha sukari na chakula hakipo. Alfajiri anakutwa anatoka jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka, na mhudumu anaandika "uzee unamsumbua." Rekebisho lilikuwa kikombe cha uji saa tatu usiku na mashine ya kupima sukari kuhamishwa kutoka ofisini, inakofungiwa, kwenda kwa mhudumu wa zamu. Hakikujengwa kitu wala hakikuombwa msaada.

Hapo ndipo ninapogombana, kwa upole, na wafadhili wetu. Mwaka 1966 daktari Avedis Donabedian alieleza kuwa ubora wa huduma hutazamwa kwa njia tatu: vilivyopo, yaani majengo, vifaa na watumishi, kinachofanyika, na kinachompata mgonjwa mwishoni. Hapa kwetu karibu kila anayekuja kusaidia hugusa hilo la kwanza peke yake. Anapaka rangi, analeta mchele na sabuni, anapiga picha, anaondoka. Tunashukuru, na sabuni inahitajika kweli. Ila usitegemee mkaguzi akipe kituo alama kwa sababu ya vigae vipya wakati mizani ya kupimia wazee imekufa betri tangu Pasaka.

Na mizani ndiyo jibu la lile lalamiko la "mzee amekonda." Kukonda kunapimwa, hakubishaniwi. Mzee wa kilo 50 akipoteza kilo mbili na nusu ndani ya mwezi mmoja, au kilo tano ndani ya miezi sita, bila kukusudia, hiyo ni hoja, yaani kasoro tunayoiandika, na lazima itafutwe sababu: meno, dawa, huzuni, maradhi, au hakuna wa kumlisha. Asiyeweza kusimama hupimwa mzunguko wa mkono kwa utepe. Mara nyingine jibu liko jikoni. Bibi asiye na meno anawekewa makande, sahani inarudi ilivyo, inaandikwa "amekataa chakula." Mtengenezee mtori uone kama atakataa.

Kuhusu mzee anayelala mchana kutwa, uliza kadi ya dawa. Una haki ya kuuliza, kama mzee ameridhia au wewe ndiye msimamizi wake kisheria, nani aliandika dawa ya usingizi, lini, kwa sababu gani, na lini itapitiwa upya. Dawa aliyopewa ili zamu ya usiku ipumzike ni kumfunga mzee kamba isiyoonekana, na sisi tunaihesabu hivyo. Mkoa huu una sababu ya kulichukulia hili kwa uzito. Utafiti uliofanywa wilayani Hai kwa watu wa miaka 70 na kuendelea ulikuta takriban 6 kati ya 100 wana ugonjwa wa kusahau. Wengi wao hawawezi kukuambia walichofanyiwa.

Hata wanaoweza, hawasemi. Ukimuuliza bibi wa Kichaga, "Shikamoo bibi, mnahudumiwa vizuri?" atakujibu, "Marahaba mwanangu, tunamshukuru Mungu." Ukiandika jibu hilo kwenye ripoti umejidanganya. Wakaguzi wetu hukaa kwanza, huuliza habari za wajukuu, kisha: "Jana usiku bibi, ulipotaka kwenda haja ulimwita nani? Alichukua muda gani kuja?" Hapo bibi anacheka, anasema, "Kuja? Nilisubiri mpaka jogoo." Msimamizi anaombwa kutoka nje wakati wa mazungumzo hayo. Anayegoma kutoka, kugoma kwake kunaandikwa.

Sasa utaratibu, na naomba usomwe wote kwa sababu maswali yanayorudi kila mwaka ni haya haya. Tukimaliza, tunakaa na msimamizi siku hiyo hiyo na kumsomea hoja kwa mdomo. Hoja ya hatari ya papo hapo, kwa mfano dawa ya mzee mmoja kupewa mwingine, mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli, au kidonda kilichooza bila mgonjwa kupelekwa hospitali, inatakiwa ishughulikiwe kabla hatujaondoka, na kama ni ya matibabu mzee anapelekwa hospitali ya Mawenzi au KCMC. Hoja kubwa na hoja ndogo hupewa muda kwa maandishi. Kituo kinaleta mpango wa marekebisho wenye jina la mhusika na tarehe. Mpango unaosema "uongozi utaboresha" tunaurudisha. Kisha tunarudi kuhakiki, tena bila taarifa. Hoja haifungwi kwa barua, picha au ahadi. Inafungwa kwa mkaguzi kuona. Ikibaki wazi baada ya uhakiki wa pili, tunapendekeza kituo kisipokee wazee wapya, na tunaiarifu ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Kufunga kituo si mamlaka yetu. Wanaotuandikia "kifungeni hicho" wajiulize pia wazee 30 watalala wapi kesho yake.

Kumpiga mzee si hoja ya ukaguzi. Ni jinai, na inakwenda polisi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 241, inahusu shambulio la kudhuru mwili na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka mitano. Msimamizi anayemaliza suala hilo kwa kumhamisha mhudumu zamu, au kwa kikao cha kusameheana na ndugu, tutamwandika yeye.

Picha pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, zinazohitaji ridhaa ya maandishi. Mzee aliyepigwa picha kitandani na mfuko wa mkojo unaonekana, halafu ikasambazwa kwenye magrupu pamoja na mchango wa unga, taarifa yake ya afya imetolewa hadharani. Tunakiuliza kituo ridhaa iko wapi. Hili limewakera wafadhili, tunajua.

Kihamba, yaani shamba la ukoo, hakituhusu. Kila msimu tunapokea barua ndefu kuhusu nani alimleta mzee kituoni ili abaki na shamba. Hayo yana vikao vya ukoo, mabaraza na mahakama. Kinachotuhusu ni kimoja: kama mzee ameletewa makaratasi akatiwa wino wa dole gumba ndani ya kituo, tutataka kuona daftari la wageni la siku hiyo, na tutamuuliza msimamizi nani alishuhudia na kama mzee alisomewa alichowekea dole.

Anayetaka kulalamika aandike jina la mzee na chumba, tarehe na saa, alichokiona kwa macho yake, na nani wa zamu alikuwepo. Kama umepiga picha ya kidonda, tuletee sisi au mwonyeshe daktari, usiianzie kwenye grupu la ukoo. Malalamiko ya mdomo tunayapokea pia. Sauti ya WhatsApp ya dakika tisa ambamo familia nzima inaongea kwa pamoja tunaisikiliza, lakini inachelewesha. Ukiona hatari ya maisha usitusubiri sisi. Mpeleke mzee hospitali, au piga simu polisi au kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, halafu ndipo utuandikie.

Mwenye hofu kwamba mzee wake atalipiziwa kisasi aseme hivyo kwenye mstari wa kwanza. Katika hali hiyo tunakagua vyumba vyote na kuhoji wazee kadhaa, ili isijulikane lalamiko limetoka kwa nani. Kwa hiyo usipige simu siku hiyo kuuliza kwa nini hatukuanza na kitanda cha mama yako.