Mediani ya miezi 8 si muda uliobaki

Wiki hii nimeulizwa tena: "Kama mediani ya kuishi na ugonjwa huu ni miezi 8, si ndiyo muda aliobaki nao mgonjwa?" Hapana! Na safari hii naandika, kwa sababu kosa hili linaziliza familia kabla ya msiba, na mara nyingine hata msiba wenyewe hauko karibu.

Mediani ni thamani ya katikati data ikishapangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Idadi ikiwa shufwa, jumlisha mbili za kati, gawanya kwa 2. Hapo hapana mjadala.

Tuseme wagonjwa 9 waliishi miezi 1, 2, 4, 6, 8, 14, 30, 75 na 140 tangu ugonjwa ugundulike. Wa tano ana 8, basi mediani ni 8. Wastani ni kama 31. Sasa tazama walio kulia kwa hiyo 8. Wako wanne, wametawanyika kuanzia miezi 14 hadi zaidi ya miaka 11, na mediani haisemi lolote juu yao ila kwamba wamevuka. Yule wa mwisho angeishi miezi 240, mediani ingebaki 8 ile ile. Darasani tunaisifu kwa hilo, kwamba haiyumbishwi na thamani zilizopitiliza. Lakini hapa thamani iliyopitiliza ni mtu aliyeendelea kuishi, na ndiye hasa mgonjwa anayetaka kusikia habari zake.

Stephen Jay Gould, mwanasayansi wa visukuku wa Marekani, aliligundua hilo kwa maisha yake mwenyewe. Mwaka 1982 aliambiwa ana mesothelioma ya tumboni, aina ya saratani, akasoma kwamba mediani ya kuishi ni miezi 8. Alijua kwamba upande wa kushoto data inagota kwenye sifuri, ila upande wa kulia mkia unaweza kurefuka sana, akajiuliza kama yeye hayumo mkiani. Alikufa 2002, kwa saratani nyingine.

Kwa nini basi tunatoa mediani na si wastani? Wengi hujibu kwamba data imeinamia upande mmoja. Ni kweli, lakini kuna sababu nyingine inayosahaulika: ili kupata wastani lazima usubiri mgonjwa wa mwisho afe. Mediani huipata mara nusu yao wanapofariki. Katika mfano wetu, mwezi wa 8 tu unatosha, ilhali wanne bado wazima. Hata wanaotoka kwenye utafiti njiani tunao namna ya kuwahesabu, tangu wanatakwimu Kaplan na Meier walipochapisha mbinu yao mwaka 1958. Kwa hiyo ukiona ripoti imeandika "mediani haijafikiwa", usidhani data imepotea. Maana yake makadirio ya walio hai bado hayajashuka hadi nusu.

Yako yanayonisumbua mimi pia. Mchoro wa uhai, ule unaoonyesha asilimia ya walio hai kadiri muda unavyopita, ukilala karibu bapa pale kwenye asilimia 50, kifo kimoja tu kinaweza kuisogeza mediani kwa miezi mingi, na kikundi kikiwa kidogo sijui kwa nini tunaitangaza kwa ujasiri wote ule. Dawa mbili zinaweza kuwa na mediani sawa huku moja ikiacha watu wengi hai baada ya miaka 5 na nyingine isiache hata mmoja.

Ndiyo maana nasema ulizeni idadi ya walio hai baada ya mwaka 1, baada ya miaka 5. Kwa wale 9 wetu ni 4, kisha 2. Hata majibu hayo nayatoa kwa wasiwasi, kwa sababu ili kujua nani alifikisha miaka 5 lazima tuwatazame waliotibiwa miaka 5 iliyopita au zaidi, kwa dawa za wakati ule, na mgonjwa aliye mbele yangu anaanza matibabu leo.