Vidakuzi si virusi, tazama saa kwanza

Hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, kompyuta ya zamani ikisumbua mtandaoni ushauri huwa mmoja: "Futa kuki zote, hizo ni virusi." Si kweli, na unawaumiza watu bure. Kidakuzi, yaani hiyo kuki, ni maandishi mafupi, kwa kawaida hayazidi baiti 4,096, ambayo tovuti huyaacha kwenye kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) ili ikutambue ukirudi. Lou Montulli alivibuni mwaka 1994 akiwa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari. Si programu, na kuvifuta hakuongezi RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta.

Dada mmoja mwenye steshenari aliniita. "Kaka, nikiweka neno la siri inanirudisha palepale." Alikuwa ameshafuta vidakuzi mara tatu, hata barua pepe ikawa imemtoa. Nikatazama pembeni chini, kulia: tarehe ilikuwa siku kumi mbele! Betri ya ubao mama (bodi kuu ndani ya kompyuta) imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika saa inapotea, naye huirekebisha kwa kukisia. Kivinjari chake cha zamani kilipokea kidakuzi cha kudumu saa moja, kikatazama tarehe ya mashine, kikaona muda umeshapita, kikakitupa. Tulibadilisha betri, CR2032, ile ya duara kama sarafu, tukaweka tarehe sahihi, akaingia.

Saa ikirudi nyuma miaka mingi, utakutana na onyo la cheti cha usalama, yaani kivinjari kinashindwa kuthibitisha kuwa tovuti ni ya kweli.

Saa ikiwa sawa, angalia kama mipangilio ya kivinjari imezuia vidakuzi. Kisha futa vya tovuti ile inayosumbua tu, nyingine ziache.