Kuzima na kuwasha seva hakuponeshi kerneli

Tangu tuanze kampeni ya kusasisha kerneli (moyo wa Linux, njo unaongoza masini) kwa seva zote za rezo (mtandao) yetu hapa Lubumbashi, malalamiko hayaishi, eti juu ya nini munazima masini usiku wakati inatembea muzuri tu. Tunaelewa, kila mtu ana kazi yake. Lakini bagi za kugombania memori njo ziko hivyo, masini inatembea muzuri mpaka siku thredi mbili (kazi mbili zinazotembea pamoja ndani ya masini) zinagusa ukurasa mmoja wa memori kwa wakati mmoja.

Chukua bagi inaitwa Dirty COW, CVE-2016-5195 (CVE ni namba ya bagi kwa orodha ya matundu ya usalama). Ilikaa ndani ya Linux tangu toleo 2.6.22 la 2007, ikazibwa Oktoba 2016. Programu inafungua faili ambayo inaruhusiwa kuisoma tu, kerneli inaipa kopi yake ya kuandikia, thredi moja inaandika kupitia /proc/self/mem (mlango wa memori ya programu yenyewe), ingine inaita amri ya madvise bila kupumzika ili kopi itupwe, zikipishana vibaya maandishi yanaangukia faili ya asili, hata /etc/passwd, orodha ya watumiaji wa masini. Ni kama kununua parseli (kiwanja): asubuhi umehakikisha karatasi, saa sita imeuzwa kwa mwingine, jioni unalipa ukiamini ya asubuhi. Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, alieleza kwamba zamani alishajaribu kuirekebisha, dawa ikaondolewa juu ilileta matatizo kwa masini za s390 (masini kubwa za IBM).

Sasa kuna mafundi wanatuambia "niliweka printk (mustari wa kuandika ujumbe ndani ya kerneli), bagi imepotea". Haijapotea! Umechelewesha thredi moja kidogo, basi. Wengine wanazima na kuwasha bila kusasisha, wengine wanataja antivirus, hiyo tuache. Dawa ni kukagua na kutumia vifanyike chini ya loki moja (kufuli ya kuzuia thredi ingine isiingie), tena loki inayofaa. Kwa bagi ingine, StackRot (CVE-2023-3269), kerneli 6.1 mpaka 6.4, steki (sehemu ya memori ya kazi ya programu) ilikuwa inapanuliwa huku mmap_lock, loki ya ramani ya memori, imeshikwa kwa kusoma tu, nodi ya mti unaopanga ramani hiyo ikabadilishwa na ya zamani ikaachiliwa wakati thredi ingine bado inaisoma. Marekebisho yakalazimisha loki ya kuandika, yako ndani ya 6.1.37, 6.3.11 na 6.4.1. KCSAN, chombo cha kerneli yenyewe, inasaidia kunasa mambo haya, imo tangu 5.8, ila muiwashe kwa masini ya majaribio.

Utaratibu sasa. Piga uname -r kuona toleo la kerneli, lakini namba hiyo peke yake haitoshi, wanaotengeneza Debian na Ubuntu wanarudisha pachi (marekebisho) kwa matoleo ya zamani, kwa hiyo mututumie pia toleo la paketi. Jaza fomu: jina la masini, saa ya kuizima, mwenye kuijibia, sahihi. Fomu bila sahihi inarudi. Usipojibu ndani ya saa 48 tunatuma onyo kwa maandishi, kisha seva inatolewa kwa rezo, na kuirudisha kunaomba barua ya mkuu wa serivisi pamoja na ukaguzi upya, na hapana, kutupigia simu Jumamosi hakufupishi kitu. Kuweka paketi bila kuwasha upya hatuhesabu, juu kerneli ya zamani njo ingali inatembea.

Kuran (umeme) ikikatika katikati ya kazi, usianze kufuta vitu. Kwa menyu ya GRUB, inayotokea masini ikiwaka, chagua kerneli ya zamani, masini iwake, kisha weka paketi tena.