Filta ya mchanga ya bwawa la nyumbani: yanayosemwa na ukweli wake

Mabwawa mengi ya nyumbani hapa kwetu, kuanzia Mbezi Beach hadi Nyali, huchujwa na filta ya mchanga. Ni tangi la plastiki ngumu au faiba lenye mchanga wa silika ndani, na valvu ya mkono mmoja inayochagua maji yapite wapi. Kifaa chenyewe hakina makuu na hudumu miaka mingi. Kinachokiharibu ni mazoea yanayorithishwa kati ya fundi na mwenye nyumba, na mengi yanatokana na kutoitazama geji ya presha.

"Filta ioshwe kila Jumamosi, iwe chafu isiwe chafu."

Kuosha filta kwa kupitisha maji kinyume, yaani bakiwashi, kunafaa pale tu inapohitajika. Mchanga uliotoka kuoshwa huchuja vibaya kuliko ule ulioshika uchafu kidogo, kwa sababu uchafu ulionaswa hupunguza nafasi kati ya chembe na kusaidia kunasa vumbi dogo zaidi. Mchanga mtupu hunasa chembe za mikroni 20 hadi 40 na kuendelea (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Zilizo ndogo zaidi hupita na kurudi bwawani. Ukiosha ovyo unarudi mwanzo kila wiki, tena unamwaga maji. Pampu ya mita za ujazo 10 kwa saa hutupa lita 500 kwa dakika 3 tu, pamoja na klorini uliyoilipia. Anayejaza bwawa kwa maji ya boza anajua hiyo ni hasara gani.

Kipimo ni geji. Filta ikiwa safi na pampu inafanya kazi, soma presha na uiandike kwa kalamu ya maka kwenye tangi, pembeni ya geji. Ikipanda psi 8 hadi 10 juu ya hapo (psi ni kipimo cha presha kilichoandikwa kwenye geji), osha. Iliyoanzia 12 ioshwe ikifika 20 au 22. Pampu ikizimwa, mshale urudi sifuri. Usiporudi, geji imekufa na inakudanganya, ibadilishe.

Namna ya kuosha: zima pampu, geuza mkono wa valvu kwenye bakiwashi, washa. Tazama kioo kidogo kilicho kwenye valvu. Maji yataanza ya kahawia, yafifie, kisha yawe meupe. Kwa kawaida ni dakika 2 hadi 3. Zima, weka kwenye kusuuza, washa kwa sekunde 30 hadi 60. Zima tena ndipo urudishe kwenye kuchuja. Anayeruka kusuuza huona wingu la uchafu likitoka kwenye matundu ya kurudishia maji, akadhani filta imepasuka.

"Mkono wa valvu unaweza kugeuzwa pampu ikiwa inanguruma."

Hapana, hata mara moja. Ndani ya valvu mna mpira wenye mikono kama spoku za gurudumu la baiskeli, unaotenganisha njia za maji. Ukigeuza maji yakisukuma, mpira huo hujikunja, hutoka kwenye mfereji wake au hukatika. Dalili yake ni ya kimya: valvu iko kwenye kuchuja, lakini bomba la kumwaga maji linachuruzika, na bwawa linapungua huku ukuta hauna ufa. Kabla ya kumwita fundi wa kuvunja vigae, nenda kaangalie mwisho wa bomba hilo.

"Presha ikiwa chini, filta ni safi."

Presha iliyoshuka chini ya ile uliyoandika maana yake pampu haipati maji ya kutosha. Anza na vikapu: cha skima, yaani mdomo wa ukutani unaovuta maji ya juu ya bwawa, halafu cha pampu. Majani madogo ya mwarobaini yanatosha kuziba vyote viwili. Hakikisha maji yamefika nusu ya mdomo wa skima. Kukiwa na mapovu bwawani kwenye matundu ya kurudishia, hewa inaingia kabla ya pampu, na mshukiwa wa kwanza ni ringi ya mpira ya kifuniko cha pampu. Mwagia maji taratibu kwenye kifuniko na maungio pampu ikiwa inafanya kazi. Mapovu yakikatika kwa muda, umepapata. Ringi ipakwe grisi ya silikoni. Vaseline, ambayo wengi huitumia, hutokana na petroli, na huvimbisha na kulegeza aina nyingi za mpira.

"Mchanga ni mchanga."

Filta inahitaji silika iliyochekechwa, chembe za milimita 0.4 hadi 0.8. Mchanga wa ufukweni una chumvi na vipande vya makombe na matumbawe, ambavyo ni chokaa na hupandisha pH, kipimo cha asidi ya maji. Chembe zake ndogo hupenya mirija yenye nyufa nyembamba iliyo chini ya tangi. Mchanga wa ujenzi una udongo. Silika nzuri hubadilishwa baada ya miaka 5 hadi 7, au mapema zaidi kama maji ya kisima chenye chokaa nyingi yameushikanisha kuwa mabonge.

Unapobadilisha, ziba mdomo wa bomba la katikati kwa mfuko, jaza maji hadi nusu ya tangi, ndipo umimine mchanga polepole ili usivunje mirija. Fuata kilo zilizoandikwa kwenye kibandiko. Ukijaza hadi juu, bakiwashi itautupa nje. Kisha osha kabla ya kuchuja. Mchanga ukiendelea kujikusanya sakafuni chini ya matundu ya kurudishia, mrija umevunjika.

"Pampu kubwa husafisha zaidi."

Tangi la kipenyo cha sentimita 50 lina eneo la takriban mita ya mraba 0.2. Kwa kikomo kinachotumika sana, mita za ujazo 50 kwa saa kwa kila mita ya mraba, linabeba 10 kwa saa. Ukilifungia pampu ya 15, maji huchimba njia mchangani na kupita na uchafu wake.

"Maji ya kijani ni filta mbovu."

Filta hainyongi mwani. Klorini ndiyo inayoua. Rekebisha pH iwe 7.2 hadi 7.6, pandisha klorini, sugua kuta, acha pampu ifanye kazi usiku na mchana, na uoshe kila geji inapopanda. Kijani kitageuka weupe wa maziwa, na hapo ndipo zamu ya filta. Maji yakigeuka rangi ya chai baada ya klorini, hayo ni madini ya chuma yaliyotoka kwenye maji ya kisima.

Ukitumia shabu kutuamisha uchafu, zima pampu usiku kucha, kisha vuta tope la sakafuni valvu ikiwa kwenye kumwaga, ili maji yatoke nje bila kupita kwenye mchanga. Likipitishwa kwenye filta hugandisha mchanga.

"Vidonge vya klorini mahali pake ni kwenye skima."

Pampu ikizimwa, vidonge huendelea kuyeyuka na kuacha maji ya asidi kali, ambayo pampu ikiwashwa huyavuta yote kwa pamoja na kula vyuma na mipira. Tumia kielea, yaani kichombo cha vidonge kinachoelea bwawani. Na usiweke klorini ya unga penye masalia ya vidonge: zikikutana zinaweza kulipuka.