Je, wajua kwa nini mabikira wa Carthage walikataa kufunika kichwa kanisani?

Ukisikia bikira aliyewekwa wakfu unapata picha ya sista wa konventi, ila miaka ya 200 kule Carthage (Tunisia ya leo) konventi hazikuwepo, hawa dada walikaa tu nyumbani kwao na wengine walikuwa na hela zao kabisa.

Sasa desturi ya pale ilikuwa mke wa mtu anafunika kichwa, binti ambaye hajaolewa anakaa wazi. Bikira wa Kristo je? Kashakuwa mtu mzima, haolewi, mke siyo na mtoto siyo. Basi baadhi yao wakawa wanaingia kanisani kichwa wazi na watu wanaona ndo heshima yao. Tertullian, mwandishi Mkristo wa hapo Carthage, akachukia mpaka akaandika kitabu kizima, eti mmeshaolewa na Kristo, jifunikeni kama wake za watu! Humo humo analalamika kuna mahali binti hajafika hata miaka 20 kakalishwa kwenye safu ya wajane (wale walioandikishwa na kanisa), wakati barua kwa Timotheo inataka mjane wa kuandikishwa awe katimiza 60.

Mi naona mtandio ulikuwa kisingizio tu. Sheria za Kaisari Augusto zilimtaka raia wa Roma mwanamke wa miaka 20 hadi 50 awe na mume, la sivyo anabanwa kwenye urithi (Kaisari Constantine ndo alikuja kuondoa adhabu hizo mwaka 320), alafu anatokea dada anasema siolewi na kanisa zima linamsifia, nani tena wa kumpangia?

Mwaka 249 hivi Askofu Cyprian wa hapo hapo Carthage anawafokea mabikira matajiri: wanja, dhahabu, nywele za rangi, tena wanaoga mabafu ya umma pamoja na wanaume. Halafu kuna zito zaidi, wengine wamelala kitanda kimoja na wanaume, mmoja wao shemasi, na wanaapa hakuna kilichotokea. Shemasi akatengwa, mabikira Cyprian akaagiza kwa barua wakakaguliwe na wakunga, na barua hiyo hiyo anakiri jicho na mkono wa mkunga hudanganyika mara nyingi, sasa alitaka nini jamani?

Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea, 325, bado ukalazimika kuandika kanuni kwamba askofu, padri wala shemasi asiweke mwanamke nyumbani kwake labda awe mama, dada, shangazi au mtu asiyeweza kushukiwa kabisa.