Dhana potofu kuhusu zuplanktoni na matabaka ya maji ziwani

Dhana: Maji ya ziwa ni yale yale, juu hadi chini.

Jua linapoyapasha maji ya juu huwa mepesi, yakakaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika nayo. Kati yao kuna tabaka la mpito ambamo joto hushuka ghafla. Wengi hudhani matabaka yanahitaji tofauti kubwa ya joto. Hapana. Kadiri maji yanavyokuwa ya joto, ndivyo digrii moja inavyobadilisha uzito wake zaidi: badiliko kati ya nyuzi 24 na 25 za Selsiasi ni zaidi ya mara 20 ya lile la kati ya nyuzi 4 na 5. Ndiyo maana maziwa ya nchi za joto hujigawa hata kipimajoto kikionyesha tofauti ndogo.

Dhana: Zuplanktoni, wanyama wadogo sana wanaoelea majini, hawana hiari, huenda maji yanakowapeleka.

Hili ndilo kosa linalowanyima watu uhondo wote. Ni kweli hawawezi kushindana na mkondo, lakini kupanda na kushuka wanaweza sana. Dafnia, mmoja wa zuplanktoni, mwenye urefu wa milimita chache tu, huzama gizani alfajiri na kupanda usiku. Anawakimbia samaki wanaowinda kwa macho. Mweke katika maji yaliyokaliwa na samaki, hata samaki wakiwa wameshatolewa: kemikali walizoacha zinatosha kumfanya azame zaidi. Katika maziwa maangavu ya milimani, miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, nayo humsukuma chini.

Kujificha huko kuna gharama. Mwani, chakula chake, hustawi penye mwanga, na baridi huchelewesha mayai kukomaa. Kila siku anachagua kati ya kushiba na kuishi. Katika baadhi ya maziwa mwani hujazana karibu na tabaka la mpito, naye hupata hapo chakula na giza kwa pamoja.

Dhana: Chini kabisa ndiko kwenye usalama.

Tabaka la chini halikutani na hewa, na bakteria wanaoozesha mabaki wanaweza kumaliza oksijeni yake. Dafnia huongeza himoglobini, kemikali ya damu inayobeba oksijeni, akageuka mwekundu, na hivyo kuvumilia oksijeni kidogo kuliko samaki wengi. Ukingo wa eneo lisilo na oksijeni huwa ngome yake. Lakini mabuu ya kaoborasi, mdudu anayefanana na mbu, hustahimili hata maji yasiyo na oksijeni. Hushinda humo au kwenye tope, na usiku hupanda kuwala zuplanktoni.

Dhana: Kina kikubwa ni makazi makubwa.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu, hivyo sehemu kubwa ya kina hicho haina oksijeni. Ziwa Baikal la Urusi, lenye mita 1,642, lina oksijeni hadi sakafuni.

Dhana: Wavu wa kunasia zuplanktoni ukitoka mtupu, ziwa halina kitu.

Umeuburuta juujuu, saa sita mchana? Basi umetafuta mahali walipohama tangu alfajiri. Ushushe hadi karibu na sakafu, uuvute wima mpaka juu, kisha urudi usiku uvute tena.